Rangi Nyekundu kwenye Miti ya Ukoo

Mama Cecilia, mshauri wetu wa kila Jumapili, shikamoo. Naomba unisaidie na usinicheke, maana wengi wanaokuandikia wanalilia mapenzi, na mimi mapenzi hayanisumbui, mchumba ninaye, anaitwa Evance, ni mwalimu, hanywi, na mwezi wa kumi na mbili tunafunga ndoa, tena tasnifu yangu ya shahada ya pili ya hifadhi ya mazingira nimeitetea wiki tatu zilizopita na maprofesa wakanipa mkono mmoja mmoja, kwa hiyo ukiniona huku chuoni Mazimbu napita na kanga yangu utasema huyu dada mambo yamemnyookea, na ni kweli yameninyookea, isipokuwa jambo moja.

Majina yote nimebadilisha. Mimi ni mtoto wa Uluguru, na kwetu ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo mkubwa wako ni mjomba, ndiye anayekusemea kwenye jambo lolote zito. Mjomba wangu, nitamwita Stambuli, ndiye aliyenisindikiza kwa miguu mpaka linapoishia gari siku naanza kidato cha kwanza Kilakala, sanduku langu kalibeba kichwani, na yeye ndiye mtunzaji wa msitu wa ukoo, msitu mdogo tu juu ya chanzo cha mto, walimozikwa wazee wetu na tunapofanyia tambiko. Njiani kuna jiwe kubwa, na ng'ambo ya jiwe hilo haingii mtu ila mtunzaji, tena miguu mitupu. Tasnifu yangu inauliza kwa nini msitu huo bado umesimama wakati misitu ya jirani yenye mabango ya serikali inaliwa na misumeno tangu biashara ya mbao iachiwe huru, na jibu langu ni kwamba watu wanaiheshimu sheria waliyojiwekea wenyewe kuliko kibali cha ofisini. Mengi niliambiwa na mjomba, ambaye humo ndani hana jina, ni mtoa taarifa namba saba.

Sasa mjomba aliniruhusu nipime miti mpaka kwenye jiwe, basi, nisipite, na ruhusa hiyo tuliijua sisi wawili tu. Nikapima, nikapata themanini na nane, na msimamizi wangu alitaka mia na ishirini ndipo hesabu zikubalike, basi mjomba alipokwenda Gairo kwenye harusi ya rafiki yake nikapita jiwe, na viatu vyangu miguuni, nikapima mingine thelathini na miwili ya ndani, na kila mti niliopima niliupaka namba usawa wa kifua kwa rangi nyekundu, maana nyekundu ndiyo iliyokuwepo stoo ya chuo.

Mama, huko kwetu siku hizi mti wenye rangi nyekundu una maana moja, umeshauzwa, wapasua mbao wako njiani. Wanawake waliokwenda kuchota maji wakaziona namba zimeingia mpaka ng'ambo ya jiwe, kijiji kikachafuka, na kwa kuwa mwenye ruhusa ya kuingia mle ni mmoja, wakasema Stambuli kauza msitu wa marehemu. Akaitwa mbele ya ukoo, akasema tu, "Sijauza mti." Hakunitaja. Anajua aliyevuka jiwe husimamishwa mbele ya watu wote, na mimi ni bibi harusi mtarajiwa ambaye yeye ndiye wa kumsemea. Haya nimeyapata kwa mama yangu, naye hajui kuwa ni mimi, alikuja sokoni na njegere zake akaniambia, "Mjomba wako siku hizi hata kahawa barazani hapewi."

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ukoo unakaa kumvua utunzaji na kumpa ndugu yake Mikidadi, ambaye kila mtu anajua kuwa ni rafiki wa madalali wa mbao. Evance anasema ninyamaze mpaka harusi ipite. Msimamizi wangu hajui kuwa nilivuka bila ruhusa, na nimebakiwa na wiki mbili za kusahihisha makosa madogomadogo kabla tasnifu haijajaladiwa. Nifanye nini, Mama?

Ni mimi, Mpima Miti, Morogoro.

MAMA CECILIA ANAJIBU

Marahaba, Mpima Miti, na hongera kwa masomo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka pale kwa Evance asiyekunywa. Mara ya pili sikucheka.

Unapendwa, mwanangu. Kuna mzee huko milimani amekubali kunyimwa kahawa na watu aliokua nao ili wewe uolewe na heshima yako, na mpaka leo hajakutumia hata salamu ya lawama. Halafu wewe unakuja gazetini kuuliza ufanye nini.

Acha nikukaripie kidogo, maana mama yako hajapata nafasi. Umeandika kitabu kizima kueleza kwa nini watu hawavuki lile jiwe. Katika kitabu chote hicho aliyevuka ni mmoja tu, naye ndiye mwandishi. Na rangi usiisingizie stoo. Wewe si mgeni kutoka Ulaya, umekulia hukohuko, malori ya mbao umeyaona yakishuka, ulijua nyekundu ina maana gani.

Evance mwambie namsalimu, ila ushauri wake autie mfukoni. Harusi ikishapita, msitu nao utakuwa umepita, kwa sababu Mikidadi hatasubiri keki ikatwe.

Panda mlimani Alhamisi, usingoje Jumamosi. Anza kwa mama yako, mweleze yote, kwa kuwa kwenu ukoo uko kwake. Kisha nenda kwa mjomba, viatu uache nje, umwambie umekosa kabla hajakuuliza habari za mjini. Atakuambia unyamaze. Usimtii, na ni mara hii tu nakuruhusu. Siku ya kikao simama mwenyewe, useme Kiluguru, Kiingereza cha tasnifu kiache Mazimbu. Beba lile daftari lako la porini lenye namba na vipimo. Asiyekuamini aende na mtunzaji, aishie kwenye jiwe, ataje namba yoyote atakayoiona kwenye mti, nawe umsomee unene wa mti huo kutoka kwenye daftari, naye aupime kwa kamba. Miti mitano ikikubaliana na daftari, watajua ile ni rangi ya kupimia na mjomba wako hakuuza kitu. Watakachokutoza, mbuzi au kuku, kitoe bila kununa. Na rangi yenyewe usiende kuikwangua kwa akili zako, waulize wao wanataka iondoke vipi. Ulishaamua peke yako mara moja, inatosha.

Ukishuka, nenda moja kwa moja kwa msimamizi wako umwambie ile miti thelathini na miwili uliipataje. Akisema uiondoe, iondoe. Akikuongezea miezi, kaa miezi hiyo. Hutakufa, na Evance hatakimbia, na akikimbia utakuwa umemjua mapema.

Unasema umebakiwa na makosa madogomadogo. Kubwa nalo lipo, liko kwenye hiyo namba saba yako. Muulize mzee kama anapenda jina lake liingie kwenye ukurasa wa shukrani. Akikubali, liweke juu kabisa, juu ya profesa. Na uandike lile jina lake la kweli, siyo hili la Stambuli ulilonipa mimi.