Diski Niliyokuacha Uifute

Mpendwa Mjomba,

Siku ile ulipoifuta diski, mimi niliona. Naanza na hili kwa sababu nikianza na salamu na kukuulizia afya, nitazunguka mpaka karatasi iishe, na unajua nilivyo hodari wa kuzunguka. Niliona kabla hujabonyeza, nikanyamaza.

Unakikumbuka chumba chetu cha orofani, Mji wa Kale, juu ya duka la fotokopi? Kompyuta nne za mitumba, feni moja, na wewe umekunja mikono ya kanzu ukitufundisha programu huria, zile ambazo mtu hanunui na anaruhusiwa kuzifungua na kuzitengeneza apendavyo. Ulitaka kila mtaa wa kisiwa hiki uwe na mwalimu wa kujitolea. Miezi minane tuliandika masomo kwa Kiswahili, wewe ukitamka, mimi nikipiga chapa, tukigombania kila neno. Yote yalikaa kwenye diski moja, ndani ya mashine moja. Flopi, zile diski ndogo tulizowekea nakala za akiba, tulikwisha kuzifuta ili tubebee programu za kupeleka mtaa wa Buxton. Tulijiona wajanja kweli.

Jumamosi ile walikuja wageni, wazee ambao wangeweza kutupa ukumbi mkubwa. Ukataka kuwaonyesha namna ya kuandaa diski mpya, ile tupu uliyoifunga ubavuni mwa ya zamani. Mashine ikauliza ifute ya kwanza au ya pili. Ukachagua ya kwanza, ya masomo. Nilikuwa nimekaa kando yako na nilijua papo hapo. Ukanigeukia.

"Rukia, waona sawa?"

"Sawa, Mjomba," nikajibu.

Ningekukosoaje mbele ya wazee wale, mimi uliyenilea? Nilijiambia labda una jambo unalolijua nisilolijua. Nilijiambia huenda macho yangu ndiyo mabaya. Kisha ukabonyeza, na tukakaa tukiitazama mashine ikifanya kazi yake bila haraka.

Ilipobainika kwamba masomo yamefutika, Bwana Mutua, yule karani wa reli aliyekuwa hakosi hata Jumamosi moja, alikwambia mbele ya wote, "Umetumaliza, ndugu yangu." Ukamjibu, "Ni mimi. Nisameheni." Mimi nilikuwa nawamiminia wageni kahawa. Sikumwaga hata tone, na hilo linanitisha mpaka leo. Mutua hakurudi, wazee hawakurudi, na muda si mrefu ukasafiri kwenda Muscat. Mama akawa anakutetea kwa majirani kwa kusema macho yako yamechoka. Nilimsikia, sikumsahihisha.

Darasa nililiendeleza kwa ukaidi tu. Sasa kila somo linaandikwa na yule aliyejifunza, si mwalimu, na nakala zinalala katika nyumba tatu tofauti. Anayejifunza wiki hii anafundisha wiki ijayo, ili siku nikiugua mlango usifungwe. Na kuna sheria moja iliyowatoa watu jasho: kila Jumamosi mwalimu anakosea mahali pamoja kwa makusudi, na asiyemkatiza haruhusiwi kufundisha.

Mjomba, hawakuweza. Watu wazima, wenye kazi zao, waliniona nikiharibu wakatazama dari. Kadzo, karani wa ghala kule Mbaraki, alikuwa akinisubiri ngazini baada ya darasa aninong'oneze, "Mwalimu, samahani sana, pale katikati naona kama uliteleza kidogo." Nikamwambia, "Sasa mashine imeshakufa na kuzikwa, ndio waja na rambirambi?" Alicheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa najisema mwenyewe.

Jumamosi iliyopita chumba kilijaa. Hofu hii ya kompyuta kuharibika mwaka elfu mbili ukiingia imetuletea watu ambao hawajawahi kupanda ngazi zetu. Nilikuwa nikiandaa diski, nachangamsha wageni kwa maneno, kidole kiko juu ya kibodi. Kadzo akanishika mkono, mbele ya watu wote.

"Mwalimu, toa mkono."

Nilikasirika, Mjomba. Damu ilinipanda usoni, nikakaribia kumwambia akae kitako na adabu yake. Kisha nikasoma kioo cha kompyuta. Nilikuwa karibu kufuta diski siyo. Wenyeji wa darasa wakapiga makofi wakidhani ni lile kosa la makusudi. Ikabidi niwaambie kwamba sikulikusudia, na makofi yakafa.

Kadzo akauliza, "Hii sheria uliitoa wapi?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nikasema, "Mjomba wangu aliwahi kufuta kazi yetu yote." Nikaishia hapo. Wakatikisa vichwa kwa huruma, wakaniona mimi ndiye niliyeokoa kilichobaki. Nimekutwika mzigo huo mara ya pili, safari hii bila hata kuulizwa kama ni sawa.

Jumamosi hii nitawasomea barua hii kabla hatujawasha mashine. Naogopa. Wengine watasema mtu aliyenyamaza vile hafai kufundisha, na wakiondoka sitawazuia. Mama nitamwambia leo.

Kwa kweli ningeweza kungoja mwaka mwingine, kama nilivyozoea. Lakini jana Mama alisahau siri yako, akaniambia umemwandikia kuulizia kama darasa bado lipo, ukamwomba asinifikishie, kwa sababu unanionea haya. Wewe, Mjomba, unanionea haya mimi. Niliinuka mezani nikatafuta kalamu.

Darasa lipo. Ukiweza, nisamehe, na usipoweza, niandikie hivyo hivyo waziwazi, nitaipokea barua yako kwa mikono miwili.

Mpwa wako,
Rukia