Kumbikumbi za Archange

Adelaïde!! Acha kupika kwanza, usome. Kaka yako Archange ametuua na kicheko hapa kambi ya Kashuga 😂😂

Unajua vile mwezi yote alikuwa anajifunga mu salle ya paroisse, ile ya kanisa, anakata chupa za plastiki? Kumbe ni mabawa! Alizitundika kwa kamba, na tutaa tudogo twa batri ndani. Ukiingia, kumbikumbi za mwanga zinakuzunguka kila upande, sawa vile zinatokaka mu udongo kisha ya mvua.

Leo jioni njo wageni ba Goma balikuja kuangalia. Archange iko na veste, koti ya kuazima. Mvua ilikuwa inanyesha, ikakatika. Na kumbikumbi za kweli, Adelaïde, ZA KWELI, zikaona ule mwanga, zikajaa kwa madirisha!

Madame moja ya Goma anauliza: "Monsieur Archange, umefanya aje mpaka ziruke hivi?" Kaka yako anapanguza jasho tu.

Pale pale Mama Polycarpe akapita mbele ya wageni na beseni ya kuokotea kumbikumbi za kula: "Archange, leta taa huku, zingine ziko nje!"

Beseni, Adelaïde. Mu salle ya paroisse!!

Archange alikuwa karibu kulia. Kisha akatoa ile veste, akabeba taa zake zote, akazitundika ku miti. Kambi nzima ikaanza kuokota, na madame naye, viatu mu mukono.

Na unajua, tangu vita, giza ikiingia tunazimisha hata mushumaa, ili batu ba bunduki ku milima basituone.

Leo hakuna hata mutu mumoja alisema "zimisha."