Anayeongea Ambebe Mwende

Jumapili, 4 Mei
Kikao tena. Kina mama tisa ndani ya kile chumba cha nyuma ya kanisa, hapa Silanga. Jambo lilikuwa moja tu: nani atalinda watoto siku gani, ili wengine tuende kazi. Mchungaji ametupa chumba bure. Anataka karatasi yenye majina, Jumatatu mpaka Ijumaa, kabla ya Jumapili ijayo. Tusipoleta, chumba ni cha kwaya na ngoma zao.

Maombi marefu. Halafu mwenyekiti wetu, Mama Achieng, akasimulia mazishi aliyoenda kwao. Halafu rangi ya sare ya kikundi. Sare! Hata mkeka hatuna. Saa mbili zikaisha hivyo. Mimi ndiye katibu. Chini ya "tuliyoamua" nimeandika: hakuna.

Jumanne, 6 Mei
Nimeenda kufua nguo za watu mtaa wa Gatina, mwanangu Mwende mgongoni kwa leso. Miezi kumi, mzito kama mtungi wa maji. Ghorofa ya nne. Mama ninayemfulia amesema Jumatatu nije bila mtoto ama nisije. Hakusema kwa ubaya. Afadhali angesema kwa ubaya, ningemkasirikia.

Jirani yangu hulinda watoto kwa kuwafungia ndani na kufuli, yeye anaenda kuuza makaa. Hapana. Mwende hafungiwi.

Alhamisi, 8 Mei
Nimemfuata Mama Achieng kwa kibanda chake cha mboga. Nimemwambia tukutane Jumamosi, na kwa jambo moja tu. Amekubali Jumamosi. Hilo lingine amelicheka. "Msichana wangu, mkutano si kufua nguo. Watu lazima waongee."

Nimerudi na hasira mpaka ugali ukaungua. Sawa, nimezaliwa juzi. Lakini mgongo ni wangu.

Jumamosi, 10 Mei
Nilifika wa kwanza, nikatoa mabenchi nje. Wakauliza watakaa wapi. Nikasema leo hatukai. Nikawapa sheria: anayeongea ambebe Mwende. Akilia, zamu yako imeisha, mpe mwingine.

Mama Achieng akanitazama juu chini. "Sasa huyu ni mtoto ama ni saa?"

"Ni yote mawili, mama."

Wakacheka sana. Yeye pia. Akambeba, akaanza na sare. Mwende akavuta kipuli, akanyang'anywa, akalia. Mama Achieng akaongea juu ya kilio. Nikanyoosha mikono. "Zamu imeisha, mama."

Akiondoka na hasira, kikundi kimevunjika, na ni mimi nimekivunja. Sikushusha mikono. Akanirudishia mtoto.

Mama Kioko, wa mitumba, hakumbeba hata dakika. "Jumatano ni yangu. Shikeni mtu wenu, mkono umekufa." Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Jumanne ikapata mtu, Alhamisi pia. Ijumaa nikachukua mimi. Ikabaki Jumatatu, na wote wakaangalia sakafu. Jumatatu yangu.

Mama Achieng akanyoosha mikono yeye mwenyewe. Akambeba. Mwende akamkojolea, gauni lile zuri, mpaka kwa viatu. Nikafunga macho. Lakini mtoto hakulia, kwa hivyo zamu ilikuwa bado. Mama Achieng akasimama hivyo hivyo, amelowa.

"Andika. Jumatatu, mimi. Na sare tutazungumza."

Nimeandika Jumatatu. Sare sijaandika.

Jumapili, 11 Mei
Mchungaji amepewa karatasi. Ameigeuza akitafuta maneno mengine. Hakuna. Majina matano tu. Ametupa ufunguo.

Jumatatu, 12 Mei
Nilimkuta Mama Achieng ameshafika, amekaa mlangoni, kitambaa begani. Hakuwa na hotuba. "Lete huyo. Nenda, utachelewa." Niligeuka mara tatu. Mwende hakugeuka hata mara moja.

Gatina. Ghorofa ya nne. Mashuka leo, mengi. Kila nikiinama, mkono unarudi nyuma kukaza leso. Leso iko Silanga.