Nilinyamaza Kama Malkia, Wakasema Nimekubali

Mpendwa Bu Sundari, mama yetu wa ushauri gazetini, nakuandikia kwa kuwa nyumbani kwetu kila mtu anashangilia na mimi sielewi nilichokifanya, naomba unisaidie.

Nina miaka ishirini na sita, nafundisha hesabu sekondari hapa mjini Kudus, Indonesia, na kwa miaka minne sasa nikitoka kazini nacheza gemu moja ya kompyuta, ya falme na mazimwi, ambamo mimi ni Malkia Kemuning mwenye jeshi na panga mbili, na kila mtu anapomsemesha malkia wangu hutokea majibu matatu chini ya kioo, kukubali, kukataa au kunyamaza, nami nimejifunza kwamba hilo la tatu ndilo lenye nguvu kuliko yote, maana ukikataa watakubembeleza au watakuletea vita, lakini ukinyamaza huku ukiwatazama, wafalme wanatetemeka, wanaongeza zawadi, wengine wanapiga magoti, na nikikosea narudi pale nilipohifadhi mchezo nachagua upya. Sijawahi kuonja raha kama ile, kukaa tu, na wote wangoje.

Jumapili iliyopita Mas Wildan, yaani Kaka Wildan kama tunavyomwita kwa heshima, alikuja na jamaa zake kuniposa. Namjua kidogo, ana duka la miwani, aliwahi kunirekebishia yangu akaniambia nakunja uso nikisoma. Walileta ndizi na sinia mbili za jenang, ile halua yetu inayonata, mjomba wake akasema maneno yote ya posa, na Mas Wildan mwenyewe aliangalia glasi yake ya chai, hakufungua mdomo hata mara moja. Kisha baba akanigeukia: "Haya, binti yangu, umesikia. Unasemaje?"

Bu, naapa niliyaona yale majibu matatu. Nikachagua la tatu. Nikanyoosha mgongo, nikawatazama mmoja mmoja, nikangoja watetemeke.

Pakde Rokhim, kaka mkubwa wa baba, akapiga paja. "Alhamdulillah! Kanyamaza! Msichana akinyamaza si ndiyo ameridhika?"

"Na macho makavu hivyo!" shangazi akasema. "Enzi zetu tulikuwa tunaangalia mkeka."

Wakacheka, mama akalia, jenang ikakatwa. Desturi hiyo naijua tangu utotoni, nafikiri niliisahau, au sikuisahau, sijui, nikaendelea kunyamaza kwa kuwa hapakuwa na pa kurudi.

Mdogo wangu Zulfa, ambaye peke yake anajua habari za malkia, alinifuata jikoni. "Mbak, dada yangu, ulikuwa unafanya nini pale? Umemkodolea macho mjomba wa watu kama unataka kumkata kichwa."

"Nilikuwa nakataa."

"Unakataa wapi? Ulikaa kama mtungi!"

"Basi labda nilikuwa nakubali."

"Mbak, amua. Mama anapima vitambaa huko."

Harusi ni baada ya wiki saba. Nikijaribu kumfikiria Mas Wildan naiona ile glasi tu, jinsi alivyoishika kwa mikono miwili. Nimwambie baba kwamba walinielewa vibaya, nimwaibishe mbele ya mtaa, au ninyamaze niolewe? Sasa hata malkia wangu nikimfungua namwacha amesimama mlangoni, nashindwa kumchagulia njia.

Kemuning, Kudus

*

Kemuning, kwa kuwa jina lako la kweli umenificha.

Pole. Sasa nikukaripie. Mwalimu mzima wa hesabu umeketi mbele ya watu waliokulea, unangoja watetemeke! Pakde wako atetemeke kwa lipi, yeye aliyekubeba mgongoni? Wale wafalme wanatetemeka kwa sababu kuna mtu alikaa mezani akawaumba watetemeke. Siku ya kwanza tu ulikabidhiwa ulimwengu unaokuogopa. Raha yake naielewa, tena sana: tangu kuzaliwa unaambiwa punguza sauti, halafu unapata mahali ambapo ukinyamaza wanaume wanapiga magoti. Endelea kucheza. Ila usiniambie Jumapili ile ulichagua. Uliwaachia wengine wakuchagulie, ukakaa unajiona malkia.

Unaniuliza ukubali au ukatae. Mimi nitajuaje? Barua nzima umenisimulia mgongo wako, macho yako na majeshi yako. Huyo kijana kapata miwani na glasi ya chai, basi. Nimeirudia hiyo ya glasi. Hakufungua mdomo, umeandika mwenyewe. Aliyeposa ni mjomba. Nyumba imejaa watu wa kutafsiri kimya chako, na chake hakuna aliyekiuliza, hata wewe, bingwa wa kunyamaza!

Kesho ukitoka shuleni nenda dukani kwake. Zulfa aende nawe, asimame mlangoni, majirani wakose la kusema. Vua miwani, mwambie imelegea. Akiwa anaikaza, muulize: "Mas, wewe mwenyewe ulitaka kuja kwetu?" Hapo nyamaza, lakini kwa kumsikiliza. Naye akikuuliza, jibu kwa sauti, hata kama jibu lako ni "sijui bado, nipe muda." Hilo nalo ni jibu, ingawa kwenye kioo chako hawakuliweka. Jioni hiyo hiyo mwambie baba ulichosema, kabla mama hajatia mkasi kwenye kitambaa. Atafoka. Mwache afoke, wala usimkatize, kisha mwambie tena.

Na miwani usiipokee mpaka kijana amalize kujibu. Hutamwona vizuri, najua. Ndiyo maana nakwambia: hutaweza kumkodolea macho.