Gari la Shunpei Limeanza Kumisi

Kwa dada yangu mpendwa Chizuru,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wale mabwana wawili wadogo wasiotaka kuvaa soksi. Sisi huku hatujambo. Mwanangu Nagomi alikuwa na mafua, yamemwisha, sasa ninayo mimi. Matufaha uliyotuma yamefika bila hata moja kupondeka. Mama mkwe anakushukuru sana, ingawa alipouma la kwanza alisema ni machachu. Unamjua Mama.

Katika barua yako uliniuliza swali moja tu: Aprili tunakuja kwenu Aomori, au hatuji? Ulisema ile nafasi ya jikoni kwenye shule ya watoto haitaningoja milele. Nisamehe kwa kukaa kimya. Tangu mume wangu Shunpei atukimbie vuli ile, mimi sifikiri. Napika, nafua, nambeba mtoto, nalala. Uliniuliza kwenye simu kama nalia. Hapana, dada. Juzi nilijibana kidole mlangoni, nikabaki nakitazama kama ni cha mtu mwingine.

Kuna jambo sikukueleza, nalo ni la gari. Shunpei aliondoka na begi moja tu, akaliacha lile gari lake jeupe la michezo, lile la chini chini ulilogomea kupanda siku ya arusi kwa sababu ya kimono. Unakumbuka kila Jumapili asubuhi alikuwa akiliwasha mbele ya nyumba kabla ya kupanda nalo mlimani. Basi Jumapili ya kwanza baada ya yeye kuondoka, Mama aliingia chumbani kwangu na ufunguo mkononi, akasema, Kanae, kaliwashe, majirani wamezoea.

Mimi leseni yangu, kama yako, ni ya otomatiki tu. Gari la gia za mkono siruhusiwi hata kulitoa uani. Lakini kuliwasha naweza. Nikawa nakaa kwenye kiti chake, Nagomi mapajani, naliwasha, linanguruma, nalizima, tunarudi ndani kunywa supu. Mama naye husimama mlangoni akisema kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara, Shunpei, usichelewe kula. Nilimwambia watu wataona kwamba gari haliendi popote. Akasema kwenye baridi hii nani atoke kitandani kuchungulia, watasikia tu, inatosha. Bi Ochiai wa nyumba ya mbele akikutana nami siku ya takataka huniambia, mumeo naye na mdoli wake wa gari, hata Jumapili hatuachi tulale. Nami nainama, naomba radhi kwa kelele.

Usimcheke Mama. Aliletwa mtaa huu akiwa bibi arusi, na mtaa huu ndio dunia yake. Ananiambia watu wakijua kwamba mwanawe kamkimbia mtoto wake wa damu, watauliza ni mama gani aliyemlea. Na nikihamia kwenu na Nagomi, ndipo kila kitu kitakuwa wazi. Ndiyo maana sikukujibu.

Sasa, mwezi huu gari likaanza kumisi. Nililiwasha, likatetemeka kama mtu aliyetoka kwenye maji ya baridi, likanguruma na kukatika, likanguruma na kukatika. Nagomi akasema baba anakohoa. Nilimtazama, dada, nikamweleza kwamba hili ni gari, si baba. Akarudia tena, baba anakohoa. Mama hakulala vizuri siku ile. Asubuhi akampigia simu Kuramochi, fundi aliyesoma na Shunpei, akamwambia Shunpei yuko safarini kikazi, aje alitazame.

Kuramochi alikuja na boksi lake la vifaa na mzaha wake. Akaniambia, shemeji, umekonda, au mumeo anakula mpaka sehemu yako? Akafungua boneti, akachomoa koili moja, kile kifaa kinachoipa plagi umeme, akaibadilishia nafasi na ya pembeni yake, akaniambia niwashe. Kasoro ikahama na ile koili. Akasema hii imekufa, na si ajabu, maana zote sita ni zile zilizotoka kiwandani na gari. Kisha akatoa plagi, moja moja, akazipanga juu ya kitambaa. Zilikuwa nyeusi kama chungu cha mkaa, zinanuka petroli. Mzaha ukamwisha.

Akanieleza taratibu, nami nakuandikia kama alivyosema. Plagi ya gari linalotembea hutoka na rangi ya chai ya maziwa. Za kawaida gari likiwa la mwendo wa dukani na kurudi hudumu miaka. Za gari la turbo linalokimbizwa mlimani yeye huzibadilisha katikati ya muda huo, hangoji limisi. Koili hazina tarehe. Unaweza kungoja ya kwanza ife, lakini ikifa kwenye gari la umri huu unabadilisha zote, kwa sababu zimeokwa pamoja chini ya mfuniko mmoja, na ukibadilisha moja utakuwa unamwita fundi kila mwezi. Ila weusi huu, akasema, si wa umri. Huu ni wa injini inayowashwa ikiwa baridi na kuzimwa kabla haijapata moto.

Akauliza nani analiwasha. Mama alikuwa ameleta chai na mochi za mchele za kuchoma. Akajibu, Shunpei, kila Jumapili, kama kawaida yake. Kuramochi akaigeuza plagi vidoleni, akasema kwa upole, Mama, Shunpei angekubali kumeza plagi hii kuliko kulifanyia gari lake hivi.

Mama akasema basi litengenezwe, lisikike tu. Kuramochi akasema injini haitengenezwi isikike tu, zikiwekwa plagi mpya na lisitembezwe, kabla ya majira ya joto zitakuwa hivi hivi. Hapo Mama akainuka, akaenda ndani, akarudi na kofia ya Shunpei, ile ya bluu. Akamwekea Kuramochi magotini. Akamwomba awe anakuja Jumapili, avae kofia, aliendeshe kidogo tu mtaani, kimo chao ni kimoja. Kuramochi aliitazama ile kofia mpaka chai yake ikapoa.

Nikasema hapana. Sijawahi kumwambia Mama hapana tangu niolewe. Sikupaza sauti. Nilimwambia Nagomi ameanza kuiita injini baba, na sasa tukimpa na kofia, atakuja kutuuliza nini akikua?

Dada, kabla sijafika mwisho, kuna hili ambalo hata Mama hajui. Shunpei alipiga simu mwezi uliopita. Jambo la kwanza aliloniuliza ni kama gari linawashwa. Nikasema ndiyo. Akasema nisilizime upesi, niliache lipate moto kwanza, vinginevyo plagi zitaharibika. Nikamwambia Nagomi anatembea mpaka getini peke yake. Akasema vizuri, akakata.

Tangu siku hiyo nililizima mapema zaidi. Nilikuwa nikiutazama mshale wa joto, na kabla haujainuka nazima. Nilijua. Sijui kama hiyo ndiyo hasira. Sikuhisi chochote nilipokuwa nikifanya, nakwambia tu kwamba nilifanya.

Kuramochi amebadilisha koili zote na plagi zote, na jana mchana, kwa ombi langu, amelipeleka gari uani kwake. Mwenyewe akilitaka akalichukue huko. Bi Ochiai alitoka na ufagio, akauliza linakwenda wapi. Mama alikuwa nyuma yangu. Nikamjibu kwamba mume wangu alituacha tangu vuli. Bi Ochiai akasema, binti, tunajua. Tulidhani ile kelele inawaliwaza, ndiyo maana tukanyamaza. Kisha akamwuliza Mama kama bado anapenda figili za kuchachusha, maana amezitengeneza nyingi.

Jibu langu ni kwamba tunakuja, wiki ya kwanza ya Aprili, kwa treni. Na sasa swali ni langu: nyumbani kwako kuna nafasi ya mtu wa tatu? Mama hajakubali. Amesema theluji ya kwenu inafika dirishani na matufaha yenu machachu. Lakini leo asubuhi, akimfunga Nagomi viatu, ameniuliza bila kunitazama kama huko kuna daktari wa magoti. Niandikie ukweli, usiogope. Ukisema nyumba haitoshi nitatafuta chumba karibu, ila simwachi peke yake.

Msalimie shemeji, wabusu wanangu, na uwaambie wa jiko la shule kwamba najua kupikia watu wengi.

Ni mimi mdogo wako,
Kanae