Kurasa za Dada Nekesa

Jumanne usiku

Na bado najiita fundi!

Kompyuta za hapa saiba, duka letu la intaneti, zilikuwa zinakoroma. Kumbukumbu ikijaa zinahamishia kazi kwa diski, na diski zenyewe ni nzee kuliko mdosi, mwenye saiba. Asubuhi nikazima huo uhamishaji kabisa. Zikakimbia! Nikatembea mtaa wote wa Burumba, hapa mpakani na Uganda, kama mwenye mpaka.

Nikasahau kwamba wateja wetu hawafungi kurasa. Wanaogopa mtandao ukirukia minara ya Uganda hazitafunguka tena. Dada Nekesa, anayejazia madereva karatasi za forodha, alikuwa amezifungua mpaka basi. Kumbukumbu ikajaa, ikakosa pa kumwaga, na kazi yake yote ikafungwa ghafla. Na lori la nyanya lilikuwa linamngoja forodhani Malaba.

"Fundi wa nini wewe? Nyanya zikioza utazila?"

"Na ugali, dada, nitazimaliza."

Hakucheka. Alianza upya, midomo imefura. Mdosi akaniambia ikijirudia nirudi kwetu Butula nikachunge ng'ombe.

Jioni nikarudisha uhamishaji, lakini sasa vitu vinakandamizwa kwanza ndani ya kumbukumbu, vichukue nafasi ndogo, vikizidi ndiyo viende diski. Nikafungua kurasa kama mwendawazimu. Kompyuta ikastahimili, tena bila kukoroma. Nani kama mimi?

Lakini mimi si Nekesa. Yule akianza kufungua...

Amesema kesho anakuja na lori lingine. Nageuka tu kitandani. Nimeamua nitasimama nyuma yake mpaka amalize, bila kujisifu, kimya.

Mimi, kimya. Hata mama hataamini.