Mke ni nini?

Mpendwa Baba Niwaeli,

Leo ilikuwa zamu yetu ya maji. Nimesimama kwenye ndiva, bwawa letu lile la kumwagilia ulilolisimamia miaka yote, nikatazama maji yakishika mfereji kwenda kwenye tangawizi, hasira zikanipanda. Hasira za nini? Za wewe kutokuwepo. Basi nimerudi nyumbani kukuandikia.

Tulionana mara ya kwanza pale pale. Ulinifungia maji, eti zamu yangu imekwisha, nikakutandika tope usoni. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Wewe ukajifuta, ukasema, "Binti huyu ana shabaha!" Mjinga wewe, ukaja kuposa.

Ugonjwa ulianzia kwenye jembe. Ulilishika, ukaligeuza, ukaniuliza, "Hiki kinafanya nini?" Nikadhani unanitania. Baadaye ikawa kuku, ikawa chumvi. Makande, jamani, chakula chako cha tangu utoto! Uliyatazama tu kwenye sahani. Cha ajabu, mambo ya jana ulikuwa nayo yote, nani kapita na kasema nini. Daktari kule Same alitueleza kwamba ugonjwa huu wa ubongo huanza kula maana ya vitu, kitu ni nini na ni cha kazi gani, na yale uliyoyaishi huyaacha kwa muda. Mimi nilitoka pale na hofu moja: siku utakayoniuliza mimi ni kitu gani.

Siku ikafika. Mchungaji alikuja kutuombea, akakuuliza kwa upole, "Mzee, mkeo anakutunza vizuri?"

Ukamkazia macho. "Mke? Mke ni nini?"

Mungu wangu! Niliinuka nikajifanya naangalia sufuria jikoni, machozi yananitoka. Nikakusikia huko nyuma unamwuliza, "Mbona Nakijwa analia? Mwite aje akae hapa. Huyo alinipiga tope kule ndivani."

Nikarudi, nikakaa. Ukanifuta uso kwa kiganja chako, taratibu, shavu hili na lile. "Leo tope limekupata wewe," ukasema.

Nimekukumbuka sana, mume wangu. Nyumba ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Bado nina hasira nawe kidogo, lakini tangawizi imeshiba maji. Pumzika.

Ni mimi, Nakijwa wa tope,
mkeo.